JERAHA LA UTI WA MGONGO
Maneno tuliyosema katika mkutano wa tawi



Sisi watu wa reli kuanguka si habari ngeni kwetu. Mwenzetu alipoanguka kutoka juu ya behewa tulimwinua kwa mikono na miguu kama gunia. Tulifanya kwa huruma, lakini tulikosa sana.

Ndani ya pingili za mgongo hupita ugwe laini uchukuao amri za ubongo na kurudisha habari za maumivu na joto. Ukiumia, sehemu zilizo chini ya jeraha ndizo zipotewazo na nguvu. Jeraha likiwa juu kabisa shingoni, hata pumzi hukatika. Likiwa chini ya shingo, mtu hupumua, lakini mikono na miguu yote huharibika. Likiwa kifuani, penye pingili 12, mikono hubaki mizima, miguu hufa ganzi. Na popote likiwa, mara nyingi haja ndogo na kubwa hazizuiliki tena, jambo ambalo wanaume huona haya kulisema.

Tena si kila ugwe hukatika wote. Wa mwenzetu uliumia upande mmoja tu. Mguu wa upande ule hauna nguvu, lakini ukichomwa sindano husikia. Mguu wa pili hutembea, wala hausikii moto. Aliungua jikoni asijue mpaka aliposikia harufu. Msimamizi alisema anajifanya. Hata sisi, tukiri, wengine tulicheka. Kumbe njia za nguvu na njia za maumivu hazipiti upande mmoja ndani ya ugwe, na waganga wanaijua sana hali hiyo.

Basi mtu akianguka, asivutwe wala kuketishwa. Mmoja ashike kichwa kisigeuke, wengine wamviringishe pamoja kama gogo, alazwe juu ya ubao. Baadaye kitandani ageuzwe kila saa mbili, maana vidonda vya kulalia huua. Daktari Ludwig Guttmann alikaza jambo hilo huko Stoke Mandeville, Uingereza, tangu 1944, na watu waliokuwa wakifa wakaishi.

Sheria ya fidia ya mwaka 2007 yamhusu mwenzetu. Tunaomba tawi limpeleke mbele ya daktari wa mishipa, na maneno ya daktari, si ya msimamizi, ndiyo yaandikwe katika fomu yake. Na kila stesheni iwe na machela.