Fungu la kwanza libaki nyumbani

Maneno ya mama mmoja wa kikundi cha bustani, mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu hapa Baraka. Tumeyaandika karibu sawa vile aliyasema.



Wengi mnanijua. Mwaka 1996 nilikimbia na watoto wawili, mmoja mgongoni, tukavuka ziwa. Ukimbizi niliumalizia Lugufu. Mwaka 2007 nikapanda boti Kigoma, nikateremka hapa hapa Baraka. Leo niko bibi. Komite imeniomba nitoe ripoti ya bustani. Ripoti ya makuta, mweka hazina ataisoma. Mimi nitasema ile ambayo haiko ndani ya daftari.

Mwaka uliopita mjukuu wangu alivimba. Niliona mashavu yamejaa, nikafurahi, nikasema mtoto ananenepa. Halafu nywele zikageuka rangi, zikawa nyekundu-nyekundu. Hachezi tena na wenzake, analia tu. Jirani ndiye aliniambia: "Mama, huyu mutoto iko na bwaki. Mupeleke leo, usingoje kesho." Nilikasirika. Nikamjibu: "Bwaki namna gani, na mimi niko mama wa bustani?"

Tukaenda kituo cha afya. Muuguzi akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole, shimo likabaki. Akaniuliza: jana alikula nini? Ugali. Na juzi? Ugali na maji ya ndagala. Na ndagala zenyewe? Nikanyamaza. Ndagala alikula babu yake. Na mboga je, si munalima? Hapo nikaona haya kabisa. Lenga-lenga zangu zilikuwa zinatoka bustanini zinakwenda sokoni, kila asubuhi, zote.

Kule Tanzania tulisikia wakisema mfinyanzi hulia gaeni. Basi mfinyanzi alikuwa mimi. Mtoto alipewa chakula cha dawa, kile cha karanga cha pakiti, akapona. Leo anakimbia, na anaiba maembe ya watu. Lakini nilipowaambia wenzangu wa kikundi, nikaona siko peke yangu. Wengine wameketi hapa. Sitawataja.

Tulifikaje hapo? Kambini tulikula kile kilichogawanywa: unga, maharagi, mafuta, chumvi. Mtoto aliyezaliwa kule alijua chakula kinatoka kwenye gunia. Tuliporudi, tulikuta mashamba mengi yana watu wengine, tukaanza na kipande kidogo cha mihogo. Mihogo ni rafiki yetu, sitaisema vibaya. Lakini ugali wa mihogo peke yake unajaza tumbo tu, haujengi mwili wa mtoto. Na mtoto anayeachishwa ziwa mapema juu mama ana mimba ingine, akapewa ugali mtupu, huyo ndiye bwaki inamtafuta.

Sasa wengine watasema: tukikula mboga, minerval ya watoto wa sekondari itatoka wapi? Ni swali la kweli. Sisemi tusiuze. Lakini mimi nilipiga hesabu yangu. Makuta ya mafungu yale ya mwisho, yale ninauza jua likiwa limepanda na bei imeanguka, nilikuwa ninanunulia mandazi na sukari. Yaani nilitoa mboga nzuri nyumbani, nikarudisha mandazi. Hiyo ni biashara gani?

Kwa hiyo kikundi chetu kimepatana mambo matatu, na leo tunaomba chama chote kiyapokee.

La kwanza: fungu la kwanza linabaki nyumbani. Unakata lenga-lenga, fungu moja unaweka kando mbele ya kufunga mzigo wa soko. Si lile lililobaki, lile la kwanza.

La pili: tupike sawasawa. Lenga-lenga haitaki kuchemshwa mpaka iwe uji, halafu maji yanamwagwa. Nguvu yake inakwenda na yale maji. Sombe ni kinyume: itwangwe vizuri, ichemke muda mrefu bila kufunikwa, sumu itoke. Mawese mnaichoma mpaka inakuwa nyeupe. Acheni, ule wekundu ndio unasaidia macho ya mtoto. Ndagala kavu zitwangwe, ziingie ndani ya uji wake. Na nyanya ya kula mbichi ioshwe na maji safi, si yale ya mtoni. Kolera hapa kwetu si mgeni.

La tatu: sahani. Wababa, mnisamehe, mimi niko mama yenu. Samaki imepita kwa baba muda mrefu sana. Sasa ianze kwa mtoto na kwa mama mwenye mimba. Mume wangu alinuna juma zima. Siku hizi yeye mwenyewe ndiye anauliza: "Mutoto amekula?"

Nimalize na ile inayotuumiza. Bustani yetu ya bonde la Mutambala iko juu ya shamba la mtu. Tulipatana naye kwa mdomo. Tuliposafisha, ilikuwa matete matupu. Leo udongo umekuwa mweusi, na mwenye shamba amesema baada ya mavuno atafikiri. Tunaogopa hiyo kufikiri. Sisi warudi tunajua vizuri kulima pahali ambapo kesho utaambiwa toka. Tunaomba komite iende pamoja na sisi mbele ya chefu, patano liandikwe kwenye karatasi, miaka ihesabiwe, na mwenye shamba naye apate haki yake.

Kwa ninyi mnaotusaidia: asante kwa vyombo vya kumwagilia, kiangazi kilipita bila bustani kukauka. Lakini niseme kweli. Zile mbegu za pakiti zilizaa vizuri mara moja. Tulipopanda tena mbegu tulizotoa humo, hazikufanana na mama yao. Mkitaka kutusaidia tena, mtusaidie kulipa shamba kwa karatasi. Mbegu za lenga-lenga tunazitunza wenyewe, wamama wanapeana bure.

Mwaka ujao, mkiniuliza ripoti ya bustani, msiniulize kwanza tumeuza ngapi. Ingieni jikoni kwangu, mfunike sufuria na kuifunua. Mkikuta ugali peke yake, muniondoe kwenye kikundi.

Sasa ninauliza: nani anakubali fungu la kwanza libaki nyumbani? Nyosheni mikono. Na wababa pia, ninawaona.