Hiari Yashinda Utumwa: Stara, Sheria na Uamuzi wa Mwanamke



Katika mji huu wa Lusail, hapa Qatar, usiku wa tarehe 18 Desemba 2022, Amiri Tamim bin Hamad Al Thani alimvika Lionel Messi bushuti jeusi kabla ya nahodha huyo kuinua Kombe la Dunia. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tulilitambua vazi lile mara moja. Lilikuwa heshima kwa kuwa lilitolewa kwa mapenzi na kupokelewa kwa ridhaa. Angelivishwa kwa nguvu, kitambaa kingebaki kilekile na heshima ingetoweka. Hoja yangu leo ni ya namna hiyo: thamani ya stara ya mwanamke imo katika uamuzi wake.

Mimi nimelelewa na wanawake wa buibui, wala sikuja hapa kuibeza hijabu. Katika Zanzibar ya karne ya 19, mjakazi alivaa kaniki na hakuruhusiwa kujifunika kichwa. Kichwa kilichofunikwa kilikuwa alama ya mwungwana. Amri ya 1897 ilipoufuta utumwa kisheria, ingawa masuria walisubiri hadi 1909, waliokuwa wajakazi na binti zao walijitwalia kanga, kisha buibui. Hapakuwa na askari wa kuwaamuru. Kwa ushungi walitangaza kwamba hawana bwana. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Wanawake hao waliuvaa usemi huo kichwani.

Sasa tazameni Iran. Mwaka 1936 Reza Shah alipiga marufuku hijabu, na polisi wakawavua wanawake barabarani. Wako waliojifungia majumbani kwa kuona haya. Baada ya mapinduzi ya 1979 upepo uligeuka, na mwaka 1983 sheria ikamwekea asiyejifunika adhabu ya viboko hadi 74. Tarehe 16 Septemba 2022, Mahsa Amini, binti wa miaka 22, alifariki Tehran baada ya kukamatwa na polisi wa maadili kwa sababu ya hijabu yake. Miezi miwili baadaye, tarehe 21 Novemba, katika Kombe hilohilo la Dunia, wachezaji wa Iran walisimama hapa Qatar, Uwanja wa Khalifa, wimbo wao wa taifa ukipigwa na vinywa vyao vimefumbwa. Amri ya kuvua na amri ya kuvaa ni ndugu wa tumbo moja: zote zilimfanya mwanamke bendera ya dola.

Qatar nayo imeonja lazima. Septemba 2014, mjini Incheon, Korea Kusini, timu yake ya wanawake ya mpira wa kikapu ilitakiwa ivue hijabu ndipo icheze. Ikajitoa mashindanoni. Kanuni hiyo ya mchezo, iliyokataza hijabu, ilibadilishwa mwaka 2017. Anayewatetea mabinti hao hana budi kumtetea na msichana wa Tehran, kwa hoja ileile.

Namalizia na waumini wenzangu. Ibada huanza na nia, na nia haiingii moyoni kwa amri ya askari. Penye lazima, anayejistiri kwa kumcha Mungu na anayejistiri kwa kuogopa kiboko huonekana sawa. Sheria imempokonya wa kwanza ushahidi wa imani yake, na wa pili uhuru wake. Ushungi na ufungwe, au ufunguliwe, kwa mkono wa mwenyewe.