Jua na Maziwa ya Ng'ombe
(Mazungumzo kwa wafugaji wa Kigwa)

Mlio bado nje ingieni, mkae. Somo letu la leo ni habari za ng'ombe wa maziwa wakati wa jua kali.

Kila mwaka, tangu Septemba mpaka mvua zinapoanza mwezi wa Novemba, ugomvi mmoja husikika nyumbani kwa wafugaji. Ng'ombe aliyejaza ndoo mwezi wa Juni sasa hatoi hata nusu yake. Mama anamtazama mchungaji. Baba anakata fimbo. Kijana anaambiwa ameyanywa maziwa porini. Yawezekana ameonja, vijana ni vijana. Lakini kabla ya fimbo, nendeni mkamtazame ng'ombe mwenyewe saa nane mchana.

Mtamkuta amesimama, hataki kulala. Amenyoosha shingo, ute unamtoka kinywani, ubavu unakwenda mbio. Hesabuni pumzi zake kwa dakika moja: ubavu ukipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Zikipita 60, jua limemwelemea.

Sababu yake ni hii. Tumbo la ng'ombe ni kama mtungi wa pombe inayochachuka. Majani yakichachuka mle ndani hutoa joto, na ng'ombe mwenye maziwa mengi hula sana, basi hubeba moto mkubwa kuliko wenzake. Jua la nje likiongezeka juu ya moto huo, yeye hupunguza kula ili apoe. Chakula kisipoingia, maziwa yatatoka wapi? Ng'ombe wetu wa asili, mwenye nundu, ngozi legevu na manyoya mafupi, hustahimili. Naye hana maziwa mengi ya kupoteza. Lakini Friziani, ambaye asili yake ni Uholanzi, huanza kuona taabu joto likipita digrii 25, na hapa Tabora mchana wa Oktoba hupita 30. Chotara wake yuko katikati.

Dawa ya kwanza ni maji. Ng'ombe mkubwa mwenye maziwa mengi aweza kunywa madebe manne, hata matano, kwa siku moja ya joto. Kumnywesha mara moja tu jioni hakutoshi. Yafaa maji yawe mbele yake mchana kutwa, tena kivulini. Najua kuyapata mwezi wa Oktoba ni taabu. Najua pia ni nani anayeyabeba kichwani, wala si yule mwenye fimbo.

Kivuli mnacho. Kigwa ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora, na wapagazi walijua thamani ya mti. Mwembe ni banda zuri kuliko bati, maana bati lililowekwa chini chini humchoma ng'ombe mgongo. Mkijenga, ezekeni kwa nyasi, paa liwe juu, pande ziachwe wazi upepo upite. Ila embe zikianza kuanguka, ziokoteni mapema, kwani kokwa huweza kumkwama ng'ombe kooni akafa.

Majani mpeni usiku na alfajiri, wakati tumbo lake limetulia. Mwenye kumfungia ng'ombe zizini bila chakula tangu magharibi mpaka saa tatu asubuhi, kisha akamtoa akale juani, amemnyima saa zake njema zote.

Tena angalieni jambo moja msije mkakosea. Ng'ombe aliyeelemewa na jua hupata nafuu usiku ukiingia. Mkimkuta alfajiri bado ana joto, anahema, na matezi ya chini ya masikio yamevimba, hilo si jua. Huenda ni ndigana kali iletwayo na kupe. Mwiteni Bwana Mifugo siku hiyo hiyo.

Kazi ya kikundi wiki hii: kila mtu ahesabu pumzi za ng'ombe wake mmoja, alfajiri na saa nane mchana, siku tatu, na kuandika pembeni maziwa aliyokamua. Daftari mje nazo. Kwa herini.