Kuwahesabu Watoto Wanaolelewa na Jamaa Zao
Hotuba kwa Walimu na Waumini wa Ufipa



Twataka kunena nanyi juu ya jambo ambalo kila mmoja alijua nyumbani kwake, ila wachache wamelitia katika hesabu: miongoni mwa watoto wasiolelewa na wazazi wao, ni wangapi wanaokaa kwa jamaa zao? Swali ni fupi, lakini jibu lake lataka uangalifu mwingi.

Tuanze na habari za kale. Mapadre Weupe walipopokea kituo cha Karema mwaka 1885, pwani ya Ziwa Tanganyika, waliwapokea watoto waliokombolewa utumwani. Wengi wa watoto hao hawakuwa na jamaa wa kuwarudia. Adrian Atiman, mganga aliyefika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu hata kufa kwake mwaka 1956, naye alitekwa utotoni huko Afrika ya Magharibi, akatengwa na watu wa kwao. Mtoto wa namna hiyo huonekana upesi, maana yu katika nyumba ijulikanayo, na wanaomlisha hawana budi kuandika jina lake. Lakini yatima wa kijijini, ambaye bibi yake alimshika mkono siku ya matanga akaenda naye, haandikwi popote. Hapakuwa na barua wala baraza. Palikuwa na chungu kimoja na mkeka mmoja zaidi.

Basi, hapo ndipo hesabu nyingi hupotoka. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulikubali miongozo juu ya malezi ya watoto wasio na wazazi wa kuwatunza, nayo yapambanua malezi rasmi, yaliyoamriwa na wenye mamlaka, na malezi yasiyo rasmi, yaliyopatanwa na ukoo wenyewe. Mwaka uo huo nchi yetu ilipata Sheria ya Mtoto, isemayo kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Mtu akihesabu yaliyo rasmi tu, atafungua madaftari ya makao ya watoto, kisha atasema kwamba wanaolelewa na jamaa ni haba. Kumbe wamejaa vijijini, kutoka Laela hata Namanyere, wala hakupita mlangoni mwao.

Tena yuko ahesabuye kwa njia nyingine. Serikali, katika tafiti za afya zinazopita nyumba kwa nyumba tangu miaka ya 1991 na 1992, huuliza juu ya kila mtoto kama mama yake yu hai na kama anakaa katika nyumba hiyo, na kadhalika baba yake. Njia hii ni njema, kwa maana yamwona mtoto aliye kwa bibi. Lakini haimwoni aliye katika makao ya yatima, wala alalaye sokoni. Kwa hiyo hesabu ya nyumba na hesabu ya madaftari hazina budi kuunganishwa. Moja peke yake ni jicho moja.

Tutoe mfano wa kubuni. Tuseme kigango kina watoto 50 wasiokaa na wazazi wao: 40 wako kwa jamaa, 5 kwa watu wasio jamaa, na 5 katika makao. Walio kwa jamaa ni 40 katika 50, yaani asilimia 80. Tukiwasahau wale wa makao, twapata 40 katika 45, karibu asilimia 89. Tena tukigundua kwamba 15 kati ya wale 40 wametumwa na wazazi walio hai wakae karibu na shule, nasi tukawaondoa, wanabaki 25 katika 35, karibu asilimia 71. Kijiji ni kilekile na watoto ni walewale, lakini majibu ni matatu. Basi asemaye asilimia aseme pia ni nani amehesabiwa na nani ameachwa.

Walimu, sikilizeni neno hili hasa, kwa kuwa lugha yetu yaweza kuwadanganya. Mkiuliza, "Huyu ni mtoto wako?" mama mdogo atajibu, "Ndiyo," wala hasemi uongo. Kwetu ndugu ya mama ni mama, na ndugu ya baba ni baba. Hata mtoto mwenyewe atasema hivyo, na kumsahihisha mbele ya wengine ni kumjeruhi. Ulizeni kwa faragha, tena kwa adabu: "Aliyemzaa yu hai? Anakaa hapa? Ninyi mna udugu gani naye?" Na jina "ndugu" mlipime, kwani mtu wa kijiji kimoja, au msimamizi wa ubatizo, huitwa ndugu pasipo kuwa wa ukoo.

Tena chagueni siku moja ya kuhesabu. Watoto huhama: wakati wa mavuno yuko kwa babu, shule zikifunguliwa yuko kwa shangazi mjini Sumbawanga. Pasipo siku moja, huandikwa mara mbili, au haandikwi kabisa.

Mtauliza, faida yake nini? Faida ni hii: msaada hufuata daftari. Chakula, sare na madaftari ya shule hupelekwa mahali palipo na orodha. Makao yana orodha. Bibi mwenye wajukuu wanne na shamba dogo la ulezi hana. Akishindwa, huenda akamtoa mjukuu katika ukoo ili apate kula, naye hakukosa upendo bali debe la mahindi. Lakini tusiwasifu jamaa kupita kiasi. Wako watoto wanaofanywa watumishi katika nyumba za ndugu zao, nao hawana pa kusemea. Kwa hiyo mhesabuji aangalie pia kama mtoto anasoma, anakula na wenzake, analala vema.

Basi kila jumuiya ndogo ndogo iwe na daftari lake, liwekwe na mtu mwaminifu, wala majina yasisomwe mbele ya watu. Mwalimu alilinganishe na orodha ya darasa, na penye mashaka juu ya usalama wa mtoto, amwendee Afisa Ustawi wa Jamii pasipo kukawia. Mwaka ujao mhesabu tena, mpate kuona ni nani amebaki kwa jamaa zake, na ni nani ametoka, na kwa nini.