Mjane wa shampeni na kibanja cha Muleba



Hapa Mwanza harusi haijawa harusi mpaka shampeni ifunguliwe. Mshereheshaji anahesabu moja, mbili, tatu, kizibo kinaruka, akina mama wanapiga vigelegele, bwana harusi analowa koti. Mara nyingi kilichomo chupani si shampeni hata kidogo, ni maji ya matunda yaliyotiwa gesi, wala hakuna anayejali. Shampeni yenyewe hutoka sehemu moja tu ya Ufaransa, iitwayo Champagne. Leo nataka kuzungumza juu ya familia za huko, maana kisa chao kinatugusa sisi wa kando ya ziwa.

Baadhi ya nyumba za shampeni bado ni mali ya familia baada ya vizazi vingi: Louis Roederer iliyoanza mwaka 1776, Bollinger ya mwaka 1829, Pol Roger ya mwaka 1849. Lakini aliyenivutia zaidi ni mwanamke mmoja wa mji wa Reims. Mwaka 1805 mumewe, François Clicquot, alifariki na kumwachia binti mdogo na biashara ya mvinyo. Mama huyo, Barbe-Nicole, alikuwa na umri wa miaka 27. Sheria ya Ufaransa wakati ule ilimweka mke chini ya mumewe, lakini mjane aliruhusiwa kushika biashara na kutia saini kwa jina lake mwenyewe. Basi akaishika.

Shida ya shampeni siku hizo ilikuwa masimbi. Mvinyo huchachuka mara ya pili ndani ya chupa, ndipo povu linapopatikana, lakini hamira iliyokufa hubaki humo na kuuchafua. Mnamo mwaka 1816 mama Clicquot na watu wake walitengeneza meza yenye matundu. Chupa huchomekwa shingo chini, zikawa zinazungushwa kidogo kidogo kila siku, mpaka masimbi yote yakakusanyika kwenye kizibo na kutolewa. Ufundi huo ulienea Champagne nzima. Nyumba yake ikaitwa Veuve Clicquot, na neno hilo veuve maana yake ni mjane. (Siku hizi ni mali ya kampuni kubwa ya LVMH, si ya familia tena.) Hata Bollinger, mwenye nyumba alipofariki mwaka 1941 nchi ikiwa chini ya Wajerumani, aliyeiongoza mpaka mwaka 1971 ni mjane wake, Lily.

Sasa tuvuke ziwa twende Kagera. Kule nako kuna kinywaji cha povu kilichorithiwa tangu mababu, nacho ni lubisi. Ndizi za pombe huvundikwa mpaka ziive, huwekwa pamoja na nyasi ndani ya chombo cha mti kilichochongwa kama mtumbwi, na wanaume huzikanyaga kwa miguu hadi maji yatoke. Maji hayo hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, hufunikwa kwa majani ya migomba, na kesho yake povu limepanda. Gesi ni ile ile ya shampeni. Tofauti ni kwamba Mfaransa huifungia ndani ya chupa nene ikangoja miaka, hali lubisi baada ya siku chache imeshakuwa chungu.

Lubisi hutoka kwenye kibanja, kama mvinyo utokavyo kwenye shamba la mizabibu. Na anayepalilia kibanja hicho, akatandaza nyasi, akajua mgomba upi ni wa kupika na upi wa pombe, mara nyingi ni mama. Je, baba akifa?

Kanuni za urithi za kimila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zilisema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Atatunzwa na watoto wake. Binti aliweza kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini si kuiuza. Huko Muleba Bi Holaria Pastory aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akashtaki. Kesi ilifika Mahakama Kuu hapa hapa Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila inayombagua mwanamke inapingana na Katiba. Mauzo ya shamba yakahesabiwa kuwa halali.

Wengi tulidhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga kanuni hizo mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba ni za kibaguzi, lakini haikuzifuta. Wakafika mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa, ambayo mwaka 2015 iliwapa haki.

Wapo watakaoniambia kwamba mjane akipewa kibanja ataolewa kwingine na makaburi ya wazee yataangukia mikononi mwa wageni. Hofu hiyo naielewa, maana kibanja si shamba tu. Lakini mama Clicquot hakuolewa tena. Aliiongoza nyumba ya mumewe miaka mingi, akafa mwaka 1866. Na Bi Pastory alikipata chake kwa sababu baba yake aliandika wosia. Wanaume wa Muleba, Karagwe na hapa Usukumani, ni wangapi kati yetu tumeandika?

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia dagaa wa Ukerewe. Kwaherini.