Kumkumbuka Profesa Mbiti wa Mulango



Nimeombwa nimkumbuke mwalimu wetu wa theolojia, Profesa John Mbiti, aliyezaliwa hapa Mulango mwaka 1931 na kufariki Uswisi Oktoba 2019. Wageni wanamjua kwa kitabu chake cha 1969, kilichotokana na mafunzo aliyotoa Makerere. Alisema wazi kwamba Mungu hakuletwa na wamishonari. Wazee wetu walimwomba tangu zamani. Si wote waliopendezwa.

Mimi nampendea kazi ya uzeeni. Akiishi Burgdorf, ambako majirani husema Kijerumani, aliketi na Agano Jipya la Kigiriki akalitafsiri kwa Kikamba, lote. Lilitoka mwaka 2014, naye amepita miaka 80.

Sasa, ni wangapi kati ya watoto wetu wanaoweza kusoma ukurasa mmoja wa Kikamba bila kukwama? Ndiyo sababu mchango wa mwaka huu ni wa maktaba: rafu, meza, taa za sola, na vitabu vyake. Kadi ziko kwa mweka hazina, karibu na mlango. Ninyi wa Nairobi na Mombasa, msiondoke nazo mfukoni kama mwaka jana.