Muuguzi akikuuliza umetoka wapi
Mwezi wa 6 mwaka 2019 mtoto wa miaka 5 alivuka kutoka Kongo na jamaa zake, naye ana Ebola. Alipelekwa hospitali ya Kagando, kisha Bwera, akafariki huko. Homa peke yake haionyeshi ugonjwa huo, maana malaria pia huleta homa. Ndiyo sababu muuguzi huuliza: umetoka wapi, umezika nani? Wengi wetu husikia kama polisi wanahoji, tunaficha. Mwambieni kweli. Naye aeleze kwanza kwa nini anauliza, tena polepole. Anayesema Kinande ataelewana na muuguzi Mkonzo; wengine ombeni mkalimani mtu mzima. Mtoto asitafsiri siri za mama yake.